Jiwe la Kukandia Lililotumwa Tawau

Shule ya Msingi ya Shamba la Kakao,
Tawau, Sabah
6 Machi 1983

Kwa Mama na Baba yangu,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii iwakute wazima, na maji ya mafuriko yawe yameshaondoka chini ya nyumba. Sisi huku hatujambo. Rosdi, mkwe wenu, anawasalimu sana. Ameongezewa darasa la nne juu ya lile lake, basi siku hizi hata akiomba chumvi mezani anaomba kwa sauti ya kufundishia.

Mama, umeshakuwa bibi! Mtoto ni wa kike, tumemwita Suhaila. Nywele anazo za kusuka, na pua kaichukua ya Baba, nzima nzima, hakubakisha. Nilijifungulia hospitali ya mjini kwa sababu gari la shamba lilikuwa linakwenda huko siku hiyo. Kila kitu kilikwenda salama. Walitukalisha kidogo, unawajua watu wa hospitali na taratibu zao, lakini sasa tuko nyumbani.

Nisamehe mwandiko wangu. Naandika nimeegemea mto, maana kukaa wima bado kunanishinda. Mtoto nikitaka kumnyonyesha ananiletea Rosdi, au dada Dayang, jirani yetu, mke wa mlinzi wa shule. Jana niliangusha kijiko, nikashindwa kukiokota, nikalia. Rosdi alicheka, kisha akaona silii kwa mchezo, akaacha. Sijui nina nini. Kila mtoto akinyamaza naogopa amekata pumzi, na akilia naogopa maziwa hayamtoshi.

Mama, hakuna njia ya wewe kuja? Hata kwa wiki mbili tu. Najua ni mbali, lakini nauliza.

Mwanao,
Zawiyah


Kampung Lubuk Jering,
Kelantan
17 Machi 1983

Mwanangu Zawiyah,

Waalaikum salaam wa rahmatullah. Sisi wazima, alhamdulillah, na maji yameondoka, yameacha matope na vyura. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama mlangoni na ndoo mkononi, mara ya pili nikaketi nikamsomea baba yako. Pua yake! Masikini mjukuu wangu, nani atamwoa? Natania. Mbusu mara nyingi, na hiyo pua uibusu pia.

Umeniondolea mzigo kifuani. Kila siku nilikuwa naomba usije ukaangukia kisu. Tangu nianze ukunga, na mama yangu kabla yangu, katika ukoo wetu hajapasuliwa mtu. Binti ya jirani yetu Mek Nab alipasuliwa mwezi uliopita, na mama yake siku hizi akienda sokoni anazunguka nyuma ya msikiti kukwepa watu. Nilisema mbele za watu, sikumficha: “Wasichana wa sasa wanataka kuzaa kama wanavyonunua kitambaa, wakatiwe, wafungiwe, waende zao.” Walicheka mpaka wakamwaga chai. Wewe, mwanangu, hukunitia aibu.

Sasa sikiliza mambo ya arobaini yako, maana huko sijui nani anakuangalia. Nimekutumia kifurushi. Ndani yake mna mkaja, dawa ya kupaka tumboni, na jiwe langu mwenyewe la kukandia, lile lililonikanda mimi nilipokuzaa. Karani wa posta alilinyanyua akaniangalia. “Shangazi, huko Sabah hakuna mawe?” Nikamwambia, “Yapo, ila hayanijui.”

Jiwe uliweke kwenye makaa mpaka tone la maji liruke juu yake. Lifunge kwa majani na kitambaa, kisha ukande kuanzia kitovuni kwenda chini, kila asubuhi. Moto usiuonee haya; ndio unaorudisha tumbo mahali pake na kutoa damu mbaya ya nifasi. Ukimaliza ufunge mkaja kuanzia nyongani mpaka mbavuni, ukaze hasa. Ukiuma, vumilia, ndiyo kazi yake. Kula wali na samaki mkavu wa kuchoma na pilipili manga. Maboga usiguse, wala matango, na nikisikia umekunywa maji ya barafu nitakuja kukuchapa.

Lakini kuja kwenyewe siwezi, mwanangu. Ndege naiogopa, na tumbaku iko tanurini. Baba yako hajambo, anapumzika sana siku hizi. Anakusalimu.

Mama yako


Tawau
31 Machi 1983

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Hali zetu ni nzuri kiasi. Suhaila ananyonya na kutema, ananyonya na kutema, na shingo yake imeanza kukaza. Mvua inanyesha kila alasiri na nepi hazikauki, nyumba nzima inanuka kama kitambaa cha jikoni. Shule inakaribia kufunga, na Rosdi ana mitihani ya kusahihisha hadi kwenye meza ya kulia.

Kifurushi kimefika. Nilipolifungua lile jiwe nikalinusa, likanuka nyumbani, nikalia tena. Rosdi akasema, “Wewe siku hizi unalilia hata jiwe?” Nafanya kama ulivyosema. Najikanda mwenyewe, sitaki kumsumbua dada Dayang, na mkaja naufunga kwa kuuzungushia nguzo ya mlango huku najigeuza. Naukaza, Mama. Nakaza mpaka naona nyota.

Jambo moja la ajabu. Chini ya kitovu ngozi imekuwa kama si yangu. Naweka jiwe, sisikii moto. Nikadhani limepoa, nikalirudisha makaani, nikaliweka tena, sisikii. Ngozi imebabuka kidogo lakini haiumi, basi nadhani ni vizuri. Au sivyo? Usiku napata baridi, najifunika mablanketi mawili na bado natetemeka. Labda ni mvua hizi.

Nina swali jingine, si langu. Kuna mke wa mwalimu mwenzake Rosdi, amejifungua kwa kupasuliwa, na hana mama wa kumuuliza. Anauliza mtu kama yeye ale nini kidonda kifunge upesi, na kama naye anaweza kukandwa. Nimemwambia nitamuulizia kwa mama yangu, mkunga.

Na Baba mbona haandiki? Hajawahi kukosa kutia mstari wake chini ya barua, hata ule wa kunikumbusha kusali. Au amekasirika nimempa mtoto pua yake?

Mwanao,
Zawiyah


Lubuk Jering
10 Aprili 1983

Zawiyah,

Salamu nitakupa mwisho. Jiwe liache. Barua ikikukuta unalo mkononi, liweke chini, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Huyo mke wa mwalimu ana jina? Mbona umeniambia kazi ya mumewe hukuniambia jina lake? Nimeshika matumbo ya wanawake tangu hujazaliwa, na sijaona aliyezaa mwenyewe akakosa kusikia moto chini ya kitovu. Aliyewahi kunieleza jambo hilo ni mmoja, binti ya Mek Nab. Alisema ngozi yake karibu na mshono imekufa ganzi, ukimfinya hajui. Niliisoma barua yako, nikaisoma tena, nikaketi kwenye ngazi.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Umekwisha kuzaa, basi unanificha nini? Sikuulizi ili nikugombeze. Nakuuliza kwa sababu nimekutumia moto na kitambaa cha kubana, na kama chini yake kuna mshono, basi nimekutumia maradhi.

Mkaja ufungue. Nenda hospitali, waonyeshe ngozi, na hiyo baridi ya usiku uitaje, ni homa hiyo, si mvua. Dada Dayang umwambie akutafutie haruan, yule samaki wa mitaro ya mashamba ya mpunga, akupikie mchuzi mwepesi. Ndiye wa kufunga vidonda. Mumle wewe na huyo rafiki yako, kama yupo.

Leo pia nimekwenda mjini kupiga simu ya maandishi kwenye ofisi ya shule yenu, maana barua inatambaa. Karani akauliza, “Msiba, shangazi?” Nikamjibu, “Bado.”

Assalamu alaikum. Nijibu upesi.

Mama yako


Lubuk Jering
24 Aprili 1983

Mwanangu Zawiyah,

Assalamu alaikum. Sijapata jibu la barua wala la simu. Mtu wa posta akipita na baiskeli namwita hata kabla hajafika kwenye mti wetu, sasa ameanza kutikisa kichwa akiwa mbali. Nimemuuliza mwalimu wa hapa, akasema huenda shule zimefungwa na ofisi yenu haina mtu. Nimejaribu kuamini hivyo.

Nikienda kumzalisha mtu, mikono inafanya kazi lakini moyo uko Tawau. Juzi nilimwita mzazi mwingine kwa jina lako.

Nimekusema kwa kuficha, na mimi nimejifunika gubigubi. Sikiliza. Baba yako hajambo nilikwambia, na si kweli. Mwezi mmoja kabla hujajifungua alianguka ndani ya tanuri la tumbaku. Upande wake wa kulia umelala, mkono na mguu, na mdomo umevutwa. Maneno yake nayaelewa mimi tu, na mengine nabahatisha. Ndiyo maana hukuona mstari wake. Tulisema tusikushtue mpaka ujifungue. Ulipojifungua, tukasema mpaka arobaini iishe. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemgeuza na kumwosha. Ndege siipendi, lakini ningeipanda, mwanangu, ningeipanda hata juu ya bawa.

Nimemsomea barua yako ya jiwe. Tangu hapo kila nikimpelekea uji anasukuma bakuli kwa mkono wa kushoto na kunionyesha mlango. Anataka niende kwako. Nikienda, nani atamgeuza? Nikikaa, nakaa kwa nini, mwanangu akiwa anaungua? Sina la kufanya ila kuandika, na kuandika si kufanya kitu.

Nitumie hata neno moja.

Mama yako


Hospitali, Tawau
28 Aprili 1983

Mama,

Waalaikum salaam. Barua yako ya tarehe kumi nimeipata jana, na simu pia, zote pamoja. Ofisi ya shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, simu ikakaa chini ya mlango. Rosdi ameniletea huku wodini.

Rafiki hakuna. Ni mimi.

Suhaila alilala amekingama tumboni. Nilishikwa na uchungu kutwa nzima, na mwishowe moyo wake ukaanza kusitasita. Daktari akasema, “Mama, tukingoja zaidi tutawakosa wote wawili. Unakubali?” Nikakubali kwa kichwa. Unajua niliwaza nini wananisukuma kwenye kile kitanda? Sikuwaza kufa. Niliwaza utakavyosikia, na watu watakavyonicheka. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyoogopa kisu. Ndiyo nimesema. Rosdi kila siku alikuwa ananiambia, “Mwandikie mama ukweli,” na mimi nikamwapisha asiandike.

Hospitali waliniambia nisiweke kitu kwenye kidonda. Kisha jiwe lako likaja. Nikajiambia mama yangu anajua kuliko wao, na kwamba nikifanya yote uliyosema pengine itakuwa kama sikupasuliwa. Sijui nilifikirije. Nilikuwa silali.

Dada Dayang ndiye aliyenusa. Alikuja kumchukua mtoto akasimama mlangoni.

“Hiyo harufu si ya mtoto. Fungua nione.”

“Ni dawa ya mama yangu.”

“Dawa ya mama yako imeleta nzi, dada. Fungua!”

Nilipokataa aliushika mkaja kwa nguvu akaanza kunizungusha kama pia ya kuchezea watoto, huku ananitukana na kulia. Chini yake ngozi ilikuwa imechemka, mshono umeachia upande mmoja, na usaha. Rosdi alitoka nje akatapika, kisha akakimbilia gari la shamba. Njiani sikumbuki, homa ilishanichukua.

Daktari aliuliza, “Nani alikuwekea moto hapa?” Nikasema mwenyewe. Sikukutaja.

Sasa kidonda wamekiacha wazi, hawakishoni, kila asubuhi wanakijaza shashi mpya na mimi nauma shuka. Homa inashuka mchana, jioni inarudi. Nikiwauliza nitapona lini, wanasema tungoje. Maziwa yamekauka. Suhaila yuko kwa dada Dayang, anapewa ya kopo. Rosdi anasema amenenepa, na mimi simwamini, maana sisi katika familia hii tunajua kudanganyana kwa mapenzi. Natamani nimnuse tu kichwani.

Mama, sikukasirikii. Labda kidogo. Ungekuwa hapa ungeona kwa macho, usingehitaji mimi nikwambie. Mbona hukuja?

Zawiyah


Lubuk Jering
13 Mei 1983

Mwanangu Zawiyah,

Assalamu alaikum wewe na mumeo na mjukuu wangu. Barua yangu ya kuhusu baba yako naamini umeipata, basi swali lako la mwisho limejibiwa, ingawa jibu lenyewe halinitoshi hata mimi.

Jana imefika simu ya Rosdi. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika: homa imekatika, kidonda kinajaa nyama, mtoto ameletwa wodini na anajaribu kunyonya tena. Nilimsomea baba yako sikioni. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akaubana, na uji akaumaliza.

Mkono ulioliweka jiwe ni wako, lakini moto ni wangu. Daktari akikuuliza tena, nitaje. Sema ni mama yangu, mkunga wa Lubuk Jering, na umwambie anauliza ngozi iliyopasuliwa inakaa ganzi muda gani, maana hajui. Sijui, Zawiyah. Nimekaa miaka yote hii nikijiona najua. Wewe uliniogopa kuliko kisu, na hilo neno limeniingia pahali ambapo dawa yangu haifiki. Sikulaumu kuliandika. Naumia kwa kuwa ni kweli.

Leo Ijumaa, baada ya sala, nilikusanya wanawake hapa nyumbani tukusomee Yasini. Mek Nab nilikwenda kumwalika mwenyewe. Nilisimama chini ya ngazi yake nikamwomba radhi, na hakunirahisishia, alimaliza kwanza kupepeta mchele wake. Lakini alikuja. Tulipomaliza kisomo, chai ikapita, mmoja akaniuliza, “Mama mkunga, na huko Sabah bila mkono wako, binti alijifunguaje?”

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, “Mwanangu alipasuliwa. Yu hai kwa sababu alipasuliwa. Kilichotaka kumuua ni jiwe nililompelekea, na mdomo wangu uliomfanya aone haya kunieleza.”

Hakucheka mtu.

Wengi walipoaga nikakuandikia mpaka hapa, kisha nikaingia jikoni kuosha vikombe, na Che Limah wa ng'ambo ya mto akanifuata. Ni mama mtu mzima, unamkumbuka, yule mwenye bata. Alikuja kwangu wiki hii kuchukua mkaja na majani kwa ajili ya mkwewe aliyejifungulia mjini Kota Bharu. Nikamuuliza kazaa vipi, akasema kazaa mwenyewe, mzima wa afya. Nikamfundisha kukanda, nikamwambia moto asiuonee haya.

Sasa alisimama ameshika mlango.

“Dada, usinigombeze.”

“Sema tu.”

“Mkwe wangu naye walimpasua. Tuliogopa utatusema.”

“Mmeshamkanda?”

“Tunamkanda kila siku. Leo asubuhi analalamika jiwe letu bovu, halishiki moto. Nimemwachia makaa alipashe vizuri.”

Mek Nab amesikia yote. Amejifunga kanga kiunoni, ameketi kando ya baba yako, anasema niende, atamgeuza yeye, na barua hii ataipeleka posta. Mwanangu, yote niliyotaka kukuandikia yatangoja. Che Limah yuko ngazini ananiita, na mimi nakwenda kumwahi yule binti kabla jiwe halijapata moto.

Mama yako